DNA ya mazingira na wanyamapori: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoyauliza tena na tena: askari wa wanyamapori, wanafunzi wa vyuo, wavuvi wa vikundi vya BMU (vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni), maofisa wa halmashauri walioletewa ripoti wasiyojua waiamini kiasi gani. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo anza popote. Pale jambo lilipokwisha elezwa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Misingi

1. DNA ya mazingira ni nini hasa?

Kila kiumbe huacha sehemu ya mwili wake popote kinapopita: ute, mate, mkojo, kinyesi, magamba, manyoya, ngozi iliyobanduka, mayai. Ndani ya mabaki hayo mna seli, na ndani ya seli mna DNA, yaani vinasaba. DNA inayookotwa kwenye maji, udongo, matope au hewa bila kumshika wala kumwona mnyama mwenyewe ndiyo inayoitwa DNA ya mazingira, kwa kifupi eDNA.

Kazi yenyewe kwa ufupi: unachota maji, unayapitisha kwenye chujio laini mno, unahifadhi chujio, maabara inatoa DNA iliyonaswa na kuilinganisha na DNA ya spishi zinazojulikana. Kinachorudi ni orodha ya spishi ambazo DNA yake ilikutwa mahali pale, siku ile. Shika maneno hayo ya mwisho vizuri, kwa sababu karibu kila mgogoro unaohusu mbinu hii huanza mtu anapodai zaidi ya hapo.

2. Je, ni mbinu mpya?

Kwa wanyama wakubwa, ndiyo, ni mpya kiasi. Wataalamu wa vijidudu walikuwa wakitoa DNA kwenye matope tangu miaka ya 1980. Mwaka 2003 kundi la Eske Willerslev lilionyesha kwamba udongo ulioganda wa Siberia bado ulikuwa na DNA ya mamothi, yule ndugu wa tembo aliyekwisha toweka. Hatua iliyobadilisha kazi ya uhifadhi ilikuja mwaka 2008 huko Ufaransa: watafiti walipima maji ya mabwawa na kumgundua chura mkubwa wa Marekani, mgeni mvamizi, kwa kutumia maji peke yake.

Tangu hapo mbinu imesambaa kwa kasi. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba DNA yenye umri wa miaka kama milioni 2 imesomwa kutoka kwenye udongo wa kaskazini mwa Greenland. Usiichukue rekodi hiyo kama kipimo cha bwawa la Dodoma, lakini. Baridi kali huhifadhi, joto letu huharibu (tazama swali la 8).

3. Ina tofauti gani na kupima DNA ya kinyesi cha tembo?

Kinyesi unakiona, unajua kimetoka kwa mnyama mmoja, na DNA yake ni nyingi kiasi cha kumtambua tembo mmoja mmoja. Kazi hiyo imezaa matunda makubwa hapa kwetu. Samuel Wasser na wenzake walichora ramani ya DNA ya tembo wa Afrika kwa kutumia zaidi kinyesi, wakalinganisha na pembe zilizokamatwa, na mwaka 2015 wakachapisha kwamba pembe nyingi za tembo wa savana katika shehena kubwa zilitoka upande wa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

DNA ya mazingira ni mchanganyiko. Lita moja ya maji ya mto inaweza kubeba DNA ya samaki, kiboko, ng'ombe, ndege, mtu na mamilioni ya bakteria kwa pamoja, na sehemu kubwa imekatika vipande vifupi. Ndiyo maana inajibu vizuri swali la "spishi gani?" na inajibu vibaya swali la "mnyama yupi?".

4. Inaweza kuchukua nafasi ya kamera za kutega, doria na kuhesabu kwa ndege?

Hapana. Kamera inakupa picha, saa, na mara nyingine idadi na jinsia. Ndege inakupa hesabu ya nyati na tembo kwenye eneo kubwa. eDNA inakupa spishi ambazo macho na kamera huzikosa: samaki wa chini ya maji machafu, vyura wa msimu, wanyama wadogo wa usiku. Mradi mzuri huanza na swali, kisha huchagua kifaa. Ukiona pendekezo la mradi linaloanza na "tutatumia eDNA" kabla ya kusema linataka kujua nini, lirudishe.

5. Inafaa kwa wanyama gani?

Wanaoishi majini ndio wepesi zaidi: samaki, vyura, konokono, kaa. Fikiria chura. Mtafiti anayesikiliza milio usiku hamhesabu chura ambaye hakulia, lakini viluwiluwi wake wako dimbwini wakiacha DNA mchana na usiku kwa wiki kadhaa.

Wanyama wa nchi kavu hupatikana pale wanapolazimika kukutana na maji. Watafiti wamepima malambo ya Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, na kupata picha ya wanyama waliofika kunywa siku chache kabla. Kwa nchi zetu zenye kiangazi kirefu, wakati wanyama wote wa eneo wanabanana kwenye maji machache, njia hii ina maana kubwa, na nadhani hatujaitumia ipasavyo.

Kuna pia wadudu wanaotukusanyia. Mwaka 2012 watafiti walipima damu iliyomo tumboni mwa ruba wa msituni Vietnam, wakakuta DNA ya wanyama adimu, akiwemo sungura mwenye milia wa milima ya Annam. Mwaka 2013 wengine walionyesha kwamba nzi wanaotua kwenye mizoga na vinyesi, huko Côte d'Ivoire na Madagaska, hubeba DNA ya mamalia wa msitu mzima unaowazunguka.

Hata hewa inafaa. Mwaka 2022 makundi mawili yalichapisha kazi zao kwa wakati mmoja, moja kutoka bustani ya wanyama ya Hamerton nchini Uingereza na jingine kutoka ile ya Copenhagen, Denmark. Walivuta hewa kupitia vichujio. Kundi la Uingereza lilitambua spishi 25, la Denmark 49, wakiwemo samaki waliokuwa chakula cha wanyama wengine. Kwa hewa ya porini, ambako upepo unavuma utakavyo, bado ni kazi changa.

Wagumu ni wale wenye ngozi kavu na ngumu, kama nyoka wengi na kobe wa nchi kavu. Wanaacha DNA kidogo, na wengi hawakai majini.

## Uwandani

6. Nichukue maji kiasi gani, na kutoka wapi?

Kwa kawaida lita 1 hadi 2 kwa sampuli, kama maji yanaruhusu. Lakini idadi ya sampuli ina uzito kuliko ukubwa wa moja. DNA haijichanganyi sawasawa ndani ya bwawa. Inakaa mafungumafungu karibu na mahali mnyama alipo. Lita 5 kutoka kona moja zitakudanganya. Vikombe vidogo kutoka pembe zote za bwawa vitakueleza zaidi. Utaratibu rasmi wa Uingereza wa kumtafuta salamanda mwenye kishungi (amfibia anayefanana na mjusi), kwa mfano, unataka maji yachotwe sehemu 20 kuzunguka bwawa moja.

Mtoni, chota ukielekea juu ya mto, anza chini na upande, ili miguu yako isitibue maji utakayochota baadaye. Ziwani, kumbuka kina: samaki wa meta 40 chini haachi DNA yake yote juu.

7. Maji yetu ni tope tupu na chujio linaziba baada ya glasi moja. Nifanyeje?

Hili ndilo swali la kwanza la kila aliyejaribu kwenye mto wa maji mekundu wakati wa masika, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kwa maji ya Ulaya. Vichujio vinavyopendekezwa huwa na matundu ya mikromita 0.45 au chini yake, na tope letu huyaziba mara moja.

Una njia tatu. Ya kwanza, tumia chujio lenye matundu makubwa zaidi, hata mikromita 5. Sehemu kubwa ya DNA ya wanyama majini iko bado ndani ya seli au imeshikamana na chembe za tope, kwa hiyo chujio kubwa linalopitisha lita 2 linaweza kukupa zaidi ya chujio dogo lililoziba kwenye mililita 150. Ya pili, tumia vichujio kadhaa kwa sampuli moja na kuviunganisha maabara. Ya tatu, acha maji yatulie kwenye chombo safi kabla ya kuchuja, ila ujue kwamba sehemu ya DNA itazama pamoja na tope.

Lolote utakaloamua, andika kiasi cha maji kilichopita kwenye kila chujio. Bila namba hiyo huwezi kulinganisha kituo kimoja na kingine. Tope lina tabu nyingine pia maabarani, iliyoelezwa kwenye swali la 12.

8. DNA hudumu muda gani?

Majini, siku chache hadi wiki chache. Majaribio ya mabwawa ya Ulaya yaliipoteza ndani ya mwezi mmoja baada ya wanyama kuondolewa. Jua, joto, tindikali na bakteria vyote huila. Katika maji ya joto ya ukanda wetu tarajia muda mfupi kuliko ule wa vitabuni. Udongoni na kwenye matope ya chini ya ziwa hudumu zaidi sana, miaka hata karne, na kwa sababu hiyo usikoroge matope ukiwa unatafuta habari za leo.

Kuhusu umbali: mtoni DNA husafiri. Utafiti wa mto mmoja Uswisi uliikuta DNA ya wanyama wa ziwani zaidi ya kilomita 9 chini ya ziwa walimoishi. Kwa hiyo sampuli ya mtoni inazungumzia bonde zima lililo juu yako, si mahali uliposimama tu. Wengine huona hilo kuwa kasoro. Kwa anayetaka kujua bonde zima lina samaki gani kwa vituo vichache, ni faida.

9. Hatuna umeme wala friji. Sampuli haziwezi kuharibika?

Maji yenyewe yataharibika, chujio halitaharibika ukilihifadhi mapema. Chuja pale pale, au ndani ya saa chache huku maji yakiwa kivulini ndani ya sanduku la barafu. Kisha tia chujio kwenye ethanoli au kwenye dawa maalumu ya kuhifadhi DNA, au likaushe na kuliweka pamoja na vipunje vya silika. Hapo linaweza kukaa bila baridi hadi lifike mjini, mradi lisiachwe juani kwenye dashibodi ya gari.

Kwa kuchuja bila umeme, bomba la sindano la mililita 50 na chujio lililofungwa ndani ya kasha lake vinatosha. Mkono utachoka, lakini inafanya kazi popote, na chujio haliguswi kabisa.

10. Kwa nini mnasisitiza glavu na jiki kiasi hicho?

Kwa sababu ya hesabu. Maabara huzidisha DNA kwa njia ya PCR, na kila mzunguko huifanya kuwa maradufu. Mizunguko 40 inaweza kugeuza kipande kimoja kuwa nakala zaidi ya trilioni moja. Kipande hicho kikiwa kimetoka kwenye mikono yako iliyoshika samaki mchana, mashine haitakujua wewe wala mchana wako. Itasoma samaki.

Kwa hiyo: glavu mpya kila kituo, vyombo vyote, buti na kamba vioshwe kwa jiki iliyopunguzwa, kisha visuuzwe, usiingie majini kama unaweza kuchota ukiwa ukingoni, fanya kituo unachodhani hakina mnyama kabla ya kile unachojua anacho. Na kila siku ya kazi chuja maji safi ya chupa uwandani kana kwamba ni sampuli. Hiyo ndiyo sampuli tupu. Ikirudi na DNA ya kiboko, matokeo yako ya kiboko ya siku hiyo yana shaka. Ripoti isiyotaja sampuli tupu usiipokee.

11. Wanakijiji na wavuvi wanaweza kuchukua sampuli wenyewe?

Wanaweza, na ushahidi upo. Uingereza walipojaribu mbinu hii kwa salamanda mwenye kishungi, wataalamu walimgundua katika asilimia 99 ya ziara kwenye mabwawa aliyojulikana kuwemo. Watu wa kujitolea waliopewa vifaa na maelekezo walimgundua katika asilimia 91 ya mabwawa kama hayo. UNESCO nayo ilitumia wakazi, wakiwemo wanafunzi wa shule, kuchota maji ya bahari kwenye maeneo 21 ya Urithi wa Dunia, miongoni mwake Aldabra ya Ushelisheli na iSimangaliso ya Afrika Kusini, na spishi zaidi ya 4,000 zikatambuliwa.

Sharti ni kwamba matokeo yarudi kwao. Mvuvi aliyekuchotea maji ana haki ya kujua yalisema nini, kwa Kiswahili, kabla hayajawa makala mahali fulani.

## Maabarani

12. Maabara hufanya nini na chujio langu?

Inavunja seli na kuosha DNA itoke. Inaizidisha kwa PCR. Inaisoma au kuipima. Hatua inayosumbua sampuli zetu ni ya kati. Udongo wenye mboji, majani yaliyooza na maji ya rangi ya chai huingia na kemikali zinazozuia PCR, na mashine inaonyesha "hakuna" kumbe DNA ipo. Maabara nzuri hutia kiasi kinachojulikana cha DNA ya majaribio ndani ya kila sampuli. Hiyo ikishindwa kuonekana, wanajua kuna kizuizi, wanasafisha au kupunguza makali na kurudia. Waulize kama wanafanya hivyo kabla hujawalipa.

13. Nipime spishi moja au zote kwa pamoja?

Ukimtafuta mmoja, mathalani yule kambamto mwekundu wa Marekani aliyeingizwa Naivasha mwaka 1970, na unataka kujua kama amefika kwenye bwawa la jirani, tumia kipimo cha spishi moja. Ni chepesi kutafsiri, hugundua hata DNA kidogo, na gharama yake kwa sampuli ni ndogo.

Ukitaka jamii nzima ya samaki au mamalia, tumia njia ya metabakodi: kipande kifupi cha DNA kinachopatikana kwa kundi zima huzidishwa, husomwa chote, na kila mfuatano hutafutiwa mwenyewe. Kwa samaki kipande kinachotumika sana ni cha mitokondria (vijisehemu vya seli vyenye DNA yao wenyewe), chenye herufi 170 hivi. Njia hii hukuletea hata usiowatarajia, lakini inategemea kabisa kitu kinachofuata.

14. Maktaba ya marejeo ni nini, na kwa nini kila mtaalamu hulalamika juu yake?

Mfuatano wa DNA uliosomwa hauna jina. Jina linapatikana kwa kuulinganisha na mifuatano ya wanyama waliokwisha tambuliwa na mtaalamu, iliyowekwa kwenye hazina kama GenBank na BOLD. Spishi isiyokuwa kwenye hazina haiwezi kutajwa. Mbaya zaidi, programu inaweza kukupa jina la ndugu yake wa karibu aliyemo, na ripoti ikasema mtoni Tanzania kuna samaki wa Afrika Magharibi.

Samaki wa Ulaya karibu wote wamo. Samaki wadogo wa mito ya pwani yetu, vyura wa Milima ya Tao la Mashariki, panya na virukanjia wa misitu, wengi hawamo, au wamo kwa kipande tofauti na kile unachopima. Utafiti wa Ziwa Tanganyika uliochapishwa mwaka 2020 unaonyesha njia: watafiti walitengeneza vipimo mahsusi kwa jamii ya samaki wa sikilidi na wakawa na marejeo ya samaki wa ziwa hilo, ndipo orodha zao zikalingana vizuri na walichokiona wapiga mbizi.

Msimamo wangu uko wazi hapa. Taasisi yenye fedha za kitu kimoja isinunue mashine ya kusoma DNA, ijaze maktaba. Mtaalamu wa samaki anayejua kumtofautisha ningu na ndugu zake, sampuli ya pezi ndani ya ethanoli, mwili uliohifadhiwa makumbusho, mahali na tarehe vikiandikwa. Mashine ya leo itapitwa baada ya miaka mitano. Sampuli iliyotambuliwa vizuri itatumika na wajukuu wetu.

## Kusoma matokeo

15. Matokeo ni chanya. Mnyama yupo?

DNA yake ipo. Kabla ya kusema yupo, uliza ingeweza kufikaje bila yeye. Maji ya kuoshea samaki sokoni au hotelini humwagika mtoni. Ndege aliyekula samaki ziwa moja hunya kwenye ziwa jingine. Mtumbwi na nyavu hubeba ute. Mnyama aliyekufa juu ya mto huendelea kuacha DNA.

Jambo hili liliwahi kuwa mgogoro mkubwa Marekani. Kuanzia mwaka 2009 DNA ya samaki wavamizi kutoka Asia ilikutwa kwenye mifereji ya Chicago, ng'ambo ya kizuizi cha umeme kilichojengwa kuwazuia wasifike Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Wengine walisema imeletwa na ndege, boti au maji taka. Juni 2010 akavuliwa samaki mzima mmoja ng'ambo ya kizuizi, katika ziwa Calumet. Mjadala haukuisha, lakini somo lilibaki: chanya moja ni sababu ya kurudi na kuangalia kwa bidii, na chanya zinazojirudia kwenye vituo na tarehe tofauti ni ushahidi.

16. Matokeo ni hasi. Hayupo?

Huenda hujamfikia. Tuseme mnyama yupo, na kila sampuli ina uwezekano wa asilimia 30 wa kunasa DNA yake. Sampuli moja itakukosesha mara 7 katika 10. Sampuli 5 zitamgundua kwa asilimia 83 hivi, na 10 kwa asilimia 97. Anayekupa "hakuna" kwa sampuli mbili hajakupa kitu.

Msimu nao una neno lake. Uingereza sampuli rasmi za salamanda huchukuliwa kati ya 15 Aprili na 30 Juni, wakati wa kuzaliana, kwa kuwa nje ya hapo hasi haina maana. Kwa vyura wetu wa msimu, kalenda kama hiyo bado inatakiwa iandikwe kwa masika na vuli.

17. Inaweza kuniambia wapo wangapi?

Kwa uangalifu mkubwa, na kwa kulinganisha tu. DNA nyingi zaidi mara nyingi humaanisha uzito mwingi zaidi wa samaki, lakini joto, mkondo, kuzaliana na umbali huivuruga hesabu. Unaweza kusema kituo hiki kina DNA mara kumi ya kile katika siku moja. Usiseme kina samaki mara kumi.

Kuna njia nyingine inayovutia zaidi. Mwaka 2016 watafiti walichota maji ya bahari nje ya Qatar, mahali papa potwe wanapokusanyika, wakasoma tofauti za DNA ya mitokondria ndani ya maji hayo na kukadiria ukubwa wa jamii ya majike kwa kiwango cha kijenetiki. Papa potwe hukusanyika Mafia pia, na hakuna aliyelazimika kuchomwa sindano ili swali kama hilo lijibiwe.

18. Vipi kuhusu jinsia, umri na afya?

Kwa kazi ya kawaida, hapana. Kwa magonjwa, tazama swali la 24.

## Sheria na faragha

19. Nachota maji tu. Kweli nahitaji kibali?

Ndiyo. Kinachotafutwa ni rasilimali za jenetiki, na Kenya na Tanzania zote ziko ndani ya Itifaki ya Nagoya inayosimamia matumizi yake na mgawanyo wa faida. Tanzania Bara utafiti hupita COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na wa wanyamapori hupita TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya kuna leseni ya NACOSTI (tume ya sayansi), kibali cha utafiti wa wanyamapori, na cha NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa rasilimali za jenetiki. Kusafirisha chujio kwenda maabara ya nje ni kibali kingine, na ndicho kinachochelewa. Kianze mapema.

Mwombe pia mwenye bwawa na serikali ya kijiji, hata kama sheria haiwataji.

20. Je, majangili hawatatumia ramani zetu?

Wanaweza. Mahali halisi pa spishi inayowindwa au kuuzwa, kama vinyonga na vyura adimu, pasichapishwe. Toa wilaya au mraba mkubwa, na mahali kamili pabaki kwa mamlaka husika.

21. Mnasoma na DNA za watu?

Vichujio havichagui. Mwaka 2023 watafiti wa kasa huko Florida walichapisha kwamba DNA ya binadamu iliyonaswa bila kukusudia kwenye maji, mchanga na hewa ilikuwa nzima kiasi cha kueleza mambo ya kijenetiki ya watu. Ni jambo zito, hasa kwenye visima vya jamii ndogo. Mradi wa wanyama uchague vipimo visivyozidisha DNA ya mtu inapowezekana, ufute mifuatano ya watu kabla ya kuhifadhi, na uyaandike haya kwenye ombi la kibali.

## Hali za pembeni

22. Je, furu wa Ziwa Victoria wanaweza kutenganishwa?

Kwa kipande kifupi cha mitokondria, hapana. Furu wametawanyika kuwa mamia ya spishi ndani ya takriban miaka 15,000, muda mfupi mno kwa kipande hicho kubadilika. Wengi wana mfuatano ule ule. Ripoti ya uaminifu itaandika "furu" na kuishia hapo. Sangara, kamongo na dagaa hutambulika bila taabu. Tanganyika ni ziwa kongwe zaidi na spishi zake zimeachana kwa kina, hivyo hali ni afadhali.

23. Tunashuku sato wa Nile amechanganyika na perege wa asili. eDNA itaonyesha?

Kwa kipimo cha kawaida, haitaonyesha. DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama. Chotara wa mama perege atasomeka perege, ingawa nusu ya damu yake ni sato. Katika mabonde ya Tanzania sato wa Nile ameenezwa sana na huzaliana na perege wa asili, kwa hiyo orodha inayoonyesha perege watupu isikutulize. Vua samaki, kata kipande cha pezi, pima DNA ya kiini cha seli.

24. Inaweza kugundua ugonjwa kabla wanyama hawajafa?

Vimelea navyo vina DNA. Kuvu anayeua vyura, anayeitwa kitridi, hupimika kwenye maji yaliyochujwa. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee: chura wa Kihansi, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi pekee, alianguka ghafla mwaka 2003 baada ya bwawa la umeme kupunguza maji, na kuvu huyo alikutwa kwa vyura waliokufa. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na tangu 2012 vyura waliolelewa kizuizini wamekuwa wakirudishwa. Mahali kama hapo, kupima maji kila mwezi ni kazi ndogo ukilinganisha na kinachoweza kupotea.

Kichocho pia: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uligundua DNA ya vimelea vyake kwenye maji ya asili nchini Kenya, hata mahali ambapo konokono wenye maambukizi hawakupatikana.

25. Spishi haijaonekana kwa miaka mingi. Inafaa kuitafuta hivi?

Inafaa, ukikubali kazi ndefu. Mfano bora uko barani kwetu. Fuko-dhahabu wa De Winton, asiye na macho ya kuona, anayeogelea ndani ya mchanga wa Port Nolloth, kaskazini magharibi mwa Afrika Kusini, hakuwa ameonekana tangu miaka ya 1930. Endangered Wildlife Trust na Chuo Kikuu cha Pretoria walimtafuta kwa mbwa aliyefunzwa kunusa fuko, aitwaye Jessie. Mbwa alipoonyesha mahali, walichukua mchanga wa mapitoni. Sampuli zilizidi 100.

DNA ilipatikana, lakini jina likakosekana, kwa kuwa marejeo hayakutosha kumtenga na fuko wengine wa eneo hilo. Walingoja hadi mfuatano wa DNA kutoka sampuli ya makumbusho ya Cape Town ulipopatikana, wakalinganisha, na Novemba 2023 wakatangaza kwamba yupo. Hapo tunarudi kwenye swali la 14. Kabla ya kwenda kumtafuta mnyama aliyepotea, nenda kwanza kwenye droo za makumbusho, uliza kama ngozi yake ipo, na omba ruhusa ya kukata kipande kidogo.